Naomba ushauri: niandikeje kuhusu Mapinduzi nikiwa Muscat?

Habari zenu wakuu. Mimi ni Mtanzania, naishi Muscat na huandika makala za Kiswahili kuhusu maisha ya huku na siasa za nyumbani. Sasa naandika kuhusu wazee waliokimbia Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Wengi walipata pa kutua Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Hadi leo majumbani mwao kinasemwa Kiswahili, tena kile cha Unguja hasa, na urojo unapikwa.

Kinachonikwamisha ni hiki. Wazee hawa wanasimulia ndugu waliouawa na mali zilizotaifishwa, na ninawaamini. Lakini kuna msomaji kule visiwani ambaye babu yake alikuwa kibarua wa mashamba ya karafuu, na kwake Mapinduzi ni ukombozi. Naye ana haki ya kusikika. Sitaki makala ya upande mmoja, wala ya woga.

Je, nianze na simulizi za nani? Majina ya wazee niyafiche, maana wana jamaa Zanzibar? Mlioandika mkiwa ughaibuni, nisaidieni.