Nyanya nauza, hela inaingia kwenye simu, ila faida siijui. Rekodi za shamba mnatunzaje?

mkulima_ilula:
Wakuu habari za jioni. Nalima nyanya ekari mbili huku Ilula, Iringa, namwagilia kwa pampu. Msimu ukiisha mtu akiniuliza nimepata faida shilingi ngapi naishia kusema "msimu umeenda vizuri" basi, kwa sababu hela ya nyanya inaingia kwenye laini ileile inayolipa ada, vocha na rambirambi. Daftari lipo ila likilowa ndo basi tena. Simu janja ninayo, bando la kuungaunga. Kuna programu ya bure mnatumia? Na niandike nini na nini, maana uhasibu sijasoma.

baba_shamba_mbeya:
Mkuu kabla hujatafuta programu sajili laini nyingine iwe ya shamba tu. Hela ya dalali iingie humo, mbolea na dawa zilipwe humo, ukitaka hela ya nyumbani jitumie kwenye laini yako ya kawaida na hiyo uiandike matumizi ya nyumbani. Hapo simu imeshakufanyia nusu ya kazi, kila meseji ya muamala ina tarehe, kiasi na makato, usizifute. Na hayo makato ni gharama ya shamba, wengi wanayaruka. Kinachobaki cha kuandika mwenyewe ni cash, yaani vibarua, petroli ya pampu, chakula cha wachumaji, na hela nyingi inapotelea hapohapo.

mama_maziwa:
Hujambo ndugu, mimi niko Nyandarua, Kenya, na ng'ombe wa maziwa lakini mambo ni yaleyale. Natumia Google Sheets, programu ya kuandika hesabu kwenye jedwali, ni ya bure, ukiiweka ifanye kazi bila intaneti unaandika ukiwa shambani na ukipata bando inajipeleka yenyewe, hata simu ikipotea rekodi zinabaki bora ukumbuke neno la siri. Weka tarehe, kitu gani, kiasi, bei, imeingia au imetoka. Usiweke safu ishirini utachoka mapema. Ila kiasi usikiruke kabisa! Mimi naandika lita za kila ng'ombe asubuhi na jioni pamoja na kilo za chakula anachopewa, pesa peke yake ingeniambia zizi lote lina faida, lita ndizo zilinionyesha kuna mmoja anakula chakula cha duka kushinda maziwa anayotoa. Kwako iwe tenga ngapi kutoka kila jaruba, na mbegu gani ulipanda hapo.

mtu_wa_saccos:
Nakazia hapo kwa mama. Na tenga hazilingani, andika na ukubwa wake. Kingine ni gharama ambazo hazitoki mfukoni leo, pampu ya 400,000 ukiona itakufikisha misimu 8 basi kila msimu ubebe 50,000, na kazi yako na ya mkeo iandikieni bei ya kibarua wa hapo kijijini, la sivyo utasema nyanya imelipa kumbe mmeilimia bure. Mbolea ya ruzuku, hii tuliyojisajili tangu msimu wa 2022/23, iandike kwa bei uliyolipa wewe sio ya dukani.

Hivi vitu vina kazi kubwa kwenye mkopo. Kuna benki zimeshusha riba ya kilimo hadi tarakimu moja, ila afisa mikopo anataka kuona hela inavyoingia na kutoka, na mkulima mzuri tu anarudi mikono mitupu kwa kukosa karatasi. Inaniuma sana. Tunafundishwa nafasi ya mche na mche, kuandika hesabu hatufundishwi.

mkulima_ilula:
Asanteni sana wakuu, laini nasajili kesho. Swali moja, siku za kuchuma anayesimamia ni mke wangu, mimi nakuwa na gari la mzigo, na yeye kuandika kwenye simu kunamsumbua.

mama_maziwa:
Akutumie sauti kwa WhatsApp, "leo tenga kumi na nane kubwa, wachumaji watano, kila mmoja nimempa kiasi hiki", wewe jioni unaingiza kwenye jedwali siku hiyohiyo usingoje Jumamosi. Risiti za duka la dawa azipige picha mapema, ile karatasi ya mashine wino wake hufutika. Na hilo jedwali ulifungue kwa simu yake pia, shamba ni lenu wote, msomeane hizo namba kabla ya kuamua mtapanda nini msimu ujao.