Tupeane uzoefu: nani kapiga kahawia iliyokolea ndani ya nyumba hapa Tanga?

Habari za jioni wadau. Nipo Chumbageni. Mama watoto kashikilia sebule ipigwe kahawia, ile ya chokoleti iliyoiva. Fundi kanicheka: "Kaka, unataka kuhamia mapango ya Amboni?" Mlioipiga, leteni ya kweli.

Wa Ngamiani
Mimi ninayo, ukuta mmoja tu, wa nyuma ya makochi. Mitatu mingine ni krimu. Mchana iko sawa, usiku ndiyo raha yenyewe, ila weka balbu za mwanga wa njano. Kwa zile nyeupe kabisa ukuta wangu ulipooza, ukaonekana kama kijivu. Kabati la mninga nalo nimelihamisha, lilikuwa linamezwa na ukuta.

Dada wa Raskazone
Giza si tatizo, tatizo ni chumvi! Masika ilipochanganya, ukuta wangu ulianza kutoa unga mweupe kuanzia chini. Kwenye ukuta mweupe mtu hauoni, kwenye kahawia mgeni anauona akiwa bado anavua viatu. Fundi kafuta, kapaka, umerudi. Kafuta tena, umerudi. Maji yanapanda kutoka kwenye msingi yamebeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha hapo. Na plasta ikiwa imechanganywa mchanga wa baharini, ndiyo basi tena. Tuliibandua hadi usawa wa kiuno, tukapiga mpya, tukangoja kiangazi ndipo tukapaka. Sasa imetulia.

Wa Mikanjuni
Vipi joto lakini?

Dada wa Raskazone
Joto la ndani linatoka kwenye bati na madirishani, shemeji. Rangi ya sebuleni msiisingizie.

Fundi rangi
Niongezee. Rangi nzito inayong'aa inaanika kila bonde la ukuta, kwa hiyo skimu (ule upakaji laini wa kusawazisha ukuta) na msasa visifanywe kwa haraka. Isiyong'aa inaficha mabonde, ila inashika alama za mikono, na wenye watoto mnanielewa. Prima, ile ya kutangulia kabla ya rangi yenyewe, itiwe rangi kidogo, isibaki nyeupe, la sivyo utapiga mkono wa tatu na wa nne bado panaonekana mawingu. Brashi ya kwenye kona na rola zikutane rangi ikiwa mbichi. Changanyisha dukani kwa mashine, ndoo zote siku moja, na namba ya rangi uitunze. Ukijichanganyia nyekundu, njano na nyeusi kwenye beseni, ikikuishia katikati ya ukuta hutaipata ile ile.

Wa Bagamoyo
Wenye nyumba za zamani za matumbawe na chokaa, hii iacheni. Ukuta ule unatoa unyevu wake kupitia usoni. Ukiuziba kwa rangi ya plastiki, inavimba na kubanduka na chokaa yake. Chokaa yenyewe ukiitia udongo wa rangi inaishia hudhurungi hafifu, haikolei. Kwetu kahawia tumeiachia milango.

Mleta mada
Ahsanteni. Ukuta ninaoutaka umepakana na bafu. Nitajuaje kama umekauka?

Fundi rangi
Kata kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ukutani, usinunue rangi. Mwite fundi bomba.