Uvimbe wa milimita 14 tumboni: EMR au ESD?

Mleta mada
Wakuu, naomba mawazo, hasa ya mlio kwenye fani. Mjomba wangu, miaka 61, alipimwa kwa kamera ya tumbo kwa sababu ya vidonda vya siku nyingi. Wakakuta kauvimbe bapa ka milimita 14, wakachukua kinyama: saratani. Kwa jinsi kanavyoonekana kwenye kamera, bado ni changa, haijapita utando wa ndani, na hapo penyewe hapana kidonda. Tumeandikia hospitali mbili India. Moja inataka kuutoa kupitia kamera kwa EMR (kwa kitanzi), ya pili inasema ESD tu (kwa kisu), na bei yake imepaa. Ukoo umegawanyika. Mimi nasema ya bei nafuu inatosha, saratani ikishatolewa imetolewa. Nipingeni.

Daktari, masomoni Seoul
Nakupinga. Kwenye EMR daktari anadunga maji ya chumvi chini ya utando, uvimbe unainuka kama lengelenge, anauvisha kitanzi cha waya na kuukata kwa umeme. Ni kazi ya dakika chache. Ila kitanzi kina kipimo chake. Uvimbe ukikizidi, unatoka vipande vipande. ESD ilizaliwa Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kisu chenye ncha ya kauri isiyopitisha umeme ili kisitoboe chini. Unakata duara kuuzunguka uvimbe, halafu unachuna tabaka la chini yake taratibu, kama mtu anayechuna mbuzi na ngozi anaitaka nzima. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zinaonyesha ESD hutoa kipande kizima zaidi ya mara 9 katika 10, EMR karibu nusu tu. Na saratani kurudi palepale ni kwa nadra zaidi kwa ESD. Utafiti wa Japani uitwao JCOG0607 ulifuatilia wagonjwa 470 wa ESD: baada ya miaka 5, asilimia 97 walikuwa hai.

Nesi wa chumba cha endoskopi, Moshi
Daktari, malizia basi na upande wa pili. Tumbo kutoboka: kama 4 katika 100 kwa ESD, 1 kwa EMR. Mgonjwa analazwa usingizi saa nzima, pengine mbili. Hao 470 uvimbe wao ulikuwa mkubwa zaidi ya sentimita 2, au una kidonda. Huyu mjomba ana milimita 14! Mwongozo wa Wajapani wenyewe unasema: usiozidi sentimita 2, hauna kidonda, seli bado zinafanana na za kawaida, basi EMR au ESD, zote ruksa. Panga la nini kwa kazi ya wembe?

Daktari, masomoni Seoul
Mwongozo wa Ulaya wa 2015 ulikuwa mkali zaidi: EMR iwe kwa uvimbe ulio chini ya milimita 10 hadi 15, na wenye uwezekano mdogo sana wa kuwa umeshakaribia au kugeuka saratani. Hata kwa kipimo hicho mjomba yuko ukingoni, na kinyama kimeshasema saratani. Kutoboka kwingi kunafungwa palepale kwa vibanio, bila kufungua tumbo.

Mchangiaji, Dodoma
Mnagombania visu, wakati wagonjwa wetu wanafika hospitali hata uji haupiti.

Nesi wa chumba cha endoskopi, Moshi
Hao ndio wengi ninaowaona, hujakosea. Lakini mada ni mjomba, na yeye uji unapita.

Fundi sanifu wa maabara, Mombasa
Niingie mimi ninayepokea hicho kipande, maana nyote mmeishia kwenye kukata. Kipande kinatakiwa kinyooshwe, kibanwe kwa pini kwenye ubao, kilale ndani ya fomalini (dawa ya kuhifadhi), halafu kikatwe vipande vya milimita 2. Hapo ndipo mpatholojia anaona kama kingo ni safi, kama seli zimeingia kwenye mishipa, kama zimeshuka zaidi ya nusu milimita chini ya utando. Zikiwa zimeshuka hivyo, kwa kawaida mgonjwa anarudi kwa upasuaji, kwa hofu kwamba saratani imefika kwenye mitoki (tezi za limfu).

Ruhusa ya kutofungua tumbo ilitokana na usomaji wa aina hiyo. Mwaka 2000 Wajapani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Kati ya saratani 1,230 zilizoishia kwenye utando, chini ya sentimita 3, zenye seli zinazofanana na za kawaida, hakuna hata moja iliyofika kwenye mitoki.

Sasa mimi nimewahi kuletewa kipande kizima, kizuri, kimejikunja ndani ya chupa kama pweza aliyekauka. Kingo hazisomeki. Aliyelipa kalipia nini? Uliza hospitali zote mbili nani anabana pini.

Daktari, masomoni Seoul
Sina ubishi hapo. Ila bila kipande kizima hata hizo pini hazina cha kubana.

Nesi wa chumba cha endoskopi, Moshi
Na msimalizie hela zote kwenye tiketi. Tumbo linabaki, na saratani nyingine inaweza kuota pembeni. Wajapani mwaka 2008 waliwagawa wagonjwa 544 waliotolewa uvimbe kwa kamera: nusu wakatibiwa H. pylori, bakteria wa tumboni wanaochochea saratani hii, nusu hawakutibiwa. Kwa miaka 3 uvimbe mpya ulitokea kwa 9 upande wa dawa, 24 upande wa pili. Dawa hizo ziko hapa hapa, bei ya kawaida. Kamera ya mwakani na ya mwaka unaofuata mmeitengea fungu?

Mleta mada
Fungu hatujatenga, nakiri. Nimeandikia zote mbili. Ile ya EMR imejibu siku hiyohiyo: wanabana pini, wanakata milimita 2, ripoti ya kingo tutapewa, na wakiona hautoki mzima kwa kitanzi hawatalazimisha vipande, watahamia kisu. Ya ESD imetuma tena bei. Ukoo bado haujaelewana, ila jana mkaza mjomba kanipigia simu saa nne usiku, hakuuliza habari ya mtu. Kauliza kama zile pini wameshajibu.