Je, kumsikiliza mzee ni kupunguza imani kwa Mungu?

Mjane wa Majengo (Goma):

Amani iwe nanyi, baba zangu na mama zangu, kaka na dada. Ninaandika kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, katika kartie (mtaa) Majengo. Mimi ni mama wa watoto wanne, na nimekuwa mjane kwa miaka mitatu sasa. Baada ya kumzika mume wangu niliendelea na kazi yetu ya kuuza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na unga wa muhogo, na kila mwezi niliweka kitu kidogo benki. Benki za mji zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, akiba yangu ilibaki ndani, nami nikabaki na beseni moja la sambaza na deni la unga.

Sasa amejitokeza mtu anayetaka kununua parseli yetu, yaani kiwanja pamoja na nyumba, kwa fedha taslimu, kwa bei isiyofika hata nusu ya thamani yake. Katika kikundi ninakosali, mtumishi mmoja ameniambia niuze, nitoe sehemu ya fedha hiyo kuwa sadaka ya mbegu madhabahuni, na kwamba mlango wangu utafunguka kabla mwaka haujaisha. Kwa upande mwingine kuna mzee wa avenyu yetu, rafiki wa marehemu, ambaye ndiye aliyetupimia msingi wa nyumba hii ya mbao juu ya mawe ya volkano. Yeye amenikataza kabisa. Anasema nigawanye nyumba kwa ukuta wa mbao, nipangishe chumba cha mbele, kisha niingie katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana fedha kwa zamu, ya akina mama wa sokoni, hata kama zamu yangu itakuja mwisho.

Dada zangu wa maombi wanasema kwamba nikimfuata mzee huyo nitakuwa nimeegemea mwanadamu na kumwacha Mungu. Maneno hayo yananinyima usingizi, kwa sababu ni Mungu huyo huyo aliyenishika mkono siku za msiba, na sitaki kumkosea. Naomba mnisaidie bila kunificha kitu.

Mwalimu mstaafu, Himbi (Goma):

Binti yangu, pole kwa mzigo huu, na asante kwa kuuliza kabla ya kutia sahihi popote.

Nitakueleza nililoliona mwenyewe. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka ubavuni na moto kuanza kushuka kuelekea mji, nilikuwa na watoto wadogo wawili na mke aliyekuwa mgonjwa. Jirani yetu alikuwa mzee aliyeshuhudia mlipuko wa Januari 1977, ule ambao ziwa la moto la kule juu lilijimwaga kwa muda usiofika saa moja na kuwakuta watu wengi vijijini wakiwa hawajaondoka. Alikuja mlangoni petu na fimbo yake, akatukusanya, akasali. Sala yake haikufika dakika mbili. Hakutuahidi kwamba Mungu angeugeuza moto, wala hakusema kwamba Mungu ametuacha. Alipomaliza kusema amina, alituambia tuvae viatu vinavyofunika mguu, tubebe chumvi, maharagi na hati ya parseli, na tuondoke wakati kungali mchana. Hati ile aliikunja yeye mwenyewe, akaitia katika mfuko wa plastiki, na mke wangu akaifunga kiunoni chini ya kitenge. Nyumba yetu iliungua. Hati ilibaki, na juu ya hati ile tulijenga tena.

Siku chache baadaye, watu walipoanza kurudi mjini kutafuta cho chote kilichosalia, vijana wetu walisikia kwamba kuna kituo cha mafuta ambacho hakijafunikwa na lava na kwamba kila mtu anajichotea. Mzee akasimama njiani, akasema mtu wa nyumba yake haendi huko. Tarehe 21 kituo hicho kililipuka na watu wengi wakafa humo. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba sauti ya mzee inashindana na sauti ya Mungu, namkumbuka mzee yule akiwa amesimama katikati ya njia.

Nitaongeza neno moja. Sisi tunaoishi magharibi mwa mji tunaijua mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini, isiyoonekana wala kunuka, ambayo hulala katika mashimo na mabonde wakati wa usiku na alfajiri pasipo upepo. Tulipokuwa watoto, wazee walitukataza kushuka mabondeni kabla jua halijapanda, na walituonyesha nyasi ambazo ndani yake mijusi na ndege walilala wamekufa. Je, mtoto aliyetii alikuwa amepungukiwa imani? Mimi naona Mungu alimlinda kwa kumpa babu mwenye macho.

Mama mshonaji, Lubumbashi:

Dada yangu, namheshimu sana mwalimu aliyetangulia, lakini siwezi kunyamaza, maana yaliyonipata ni tofauti. Mume wangu alipofariki, waliokuja kunishauri walikuwa wazee wa ukoo wake, watu wenye mvi na suti za heshima. Waliniambia nikae kimya nimwachie Mungu, na mimi kwa kuamini kwamba penye wazee haliharibiki neno, nikakaa kimya. Waliondoka na cherehani mbili, na kama si mwanamke mmoja wa shirika letu kunipeleka kwa mtu anayeijua sheria, wangeondoka na nyumba pia.

Kwa hiyo usitazame mvi peke yake. Tazama mzee huyo atapata nini ukifuata neno lake. Wazee walionishauri mimi walipata cherehani. Huyu wa kwako, kama ulivyoandika, hapati kitu: hanunui, hapangi, wala hashiki fedha ya likelemba. Mtumishi naye mpime kwa kipimo hicho hicho, bila chuki na bila woga.

Jambo jingine ambalo nililijua kwa kuchelewa ni hili. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, na inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mume wake. Kama parseli ilikuwa ya marehemu, basi watoto wako wanne wamo ndani ya neno hilo, na sijui utawajibuje wakikua wakuulize. Kabla hujazungumza bei na mtu ye yote, soma jina lililoandikwa kwenye hati.

Katekista wa Kadutu (Bukavu):

Mama, nakuandikia nikiwa na huzuni, kwa kuwa watu wanaokutisha kwa jina la Mungu wanakuongezea msiba juu ya msiba.

Mkumbuke Musa. Hakuna aliyezungumza na Mungu kwa karibu kama yeye, na hata hivyo baba mkwe wake Yethro alipomwona ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu peke yake, alimwambia waziwazi kwamba hivyo anavyofanya si vizuri, kwamba atachoka yeye na watu wake, na kwamba achague watu waaminifu wa kumsaidia. Musa hakumjibu kwamba yeye anasikiliza mbinguni tu. Alifanya yote aliyoambiwa. Na Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, hakuwa hata mtu wa Israeli. Kinyume chake ni Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliyeliacha shauri la wazee waliomwambia aseme na watu kwa upole, akawafuata vijana aliokua pamoja nao, na makabila kumi yakajitenga naye.

Hata hivyo, nakubaliana na mama wa Lubumbashi, na ningependa kulisema kwa uzito: Yethro alimwambia Musa afanye hivyo ikiwa Mungu atamwamuru. Hakumtisha. Nami katika miaka yangu ya kukaa na wagonjwa na wafiwa nimeona kwamba mzee mwenye hekima hukuachia nafasi ya kusali juu ya neno lake, huku asiye na hekima akitaka jibu leo leo. Je, mnunuzi amekupa siku ngapi? Na mtumishi je? Hapo utaanza kuona.

Kuhusu sadaka, mjane anayetoa kutoka moyoni hutoa kilicho chake. Paa linalowafunika yatima si lako peke yako, na mtu asikulaumu ukilishikilia.

Kijana wa chukudu, Kibumba:

Shikamoo mama, na wazee wote. Mimi nashusha viazi na kabichi kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Kibumba hadi Goma. Kila asubuhi nasali kabla ya mteremko. Lakini aliyenifundisha kazi, mzee ambaye sasa miguu imemshinda, alinizoeza kupiga magoti kwanza mbele ya gurudumu la nyuma na kukigusa kwa kidole kile kipande cha mpira kinachotumika kama breki. Kikiwa kimelika, sishuki. Nimemwona mwenzangu aliyeshuka na mpira uliolika, mzigo wa magunia ukiwa nyuma yake. Alikuwa mtu wa sala kuliko mimi. Siku hiyo hakuna aliyekuwapo kumwambia asubiri.

Mjane wa Majengo (Goma):

Baba zangu, mama, na wewe mdogo wangu wa Kibumba, nimewasoma huku nikilia, na leo ninawaletea habari.

Jioni moja wiki iliyopita nilitoa sanduku chini ya kitanda nikasoma hati, kama mama alivyoniambia. Jina ni la marehemu peke yake. Nilimpelekea mzee, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akaisoma polepole hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimesali. Nikamjibu kwamba nimesali wiki nzima na sikusikia kitu. Akasema basi tusali tena wawili, na kama moyo wangu haujatulia kufikia Jumapili, nisichukue hatua yo yote, hata ile aliyonishauri yeye.

Nilimpigia simu mtumishi kwa adabu, nikamwomba anipe muda. Alisema mlango utafungwa. Mnunuzi naye alitaka jibu kabla ya Jumamosi. Nilipoyaweka maneno yao karibu na ya mzee, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nililala hadi asubuhi.

Leo ni Jumatatu. Nyumbakumi ameniletea mpangaji, mwanafunzi wa uuguzi, anayeweza kulipa miezi mitatu. Mwanangu wa kwanza na mzee wako hapa wanapima ukuta wa kati kwa kamba. Mzee anashika ncha moja, kijana nyingine, na wanabishana juu ya mahali pa kuweka mlango.