Bastola ya marehemu babu, namba hazilingani: ina thamani yoyote?

Mjukuu wa Keya (Bombo):
Wakubwa shikamooni. Tumefungua sanduku la marehemu babu tugawe urithi, tukakuta bastola imeviringishwa kwenye kanzu kuukuu. Magazini ilikuwa pembeni, kitako chake cha mbao. Juu ya chemba pamepigwa 1917, na juu yake tena 1920. Kile kifundo cha juu kinachokunjika kama goti kina herufi DWM zilizosukwa pamoja. Namba ya fremu inaishia 71, mtutu una yake kabisa, vyuma vidogo vingi vimeandikwa 43.

Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba baba yake babu, keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza) wa batalioni ya nne, alimpokonya afisa wa Kijerumani vitani Tanganyika. Baba mdogo ameshapata mnunuzi Kampala, anataka mambo yaishe kimyakimya. Mimi roho inasita. Ni bastola gani, na ni halali kweli?

Fundi Saa (Jinja):
Kwanza, mtu asiivute hicho kifundo wala kugusa kifyatulio. Magazini kuwa nje haina maana chemba ni tupu. Tazama tu kwa macho, nyuma ya chemba, ubavu wa kushoto wa kile chuma chembamba cha juu: kikiwa kimeinuka na neno GELADEN linaonekana, risasi imo ndani.

Hiyo ni Luger, P08, ya milimita 9. Jeshi la Ujerumani liliichukua mwaka 1908. DWM ni kiwanda cha Berlin. Namba kamili hupigwa kwenye fremu, mtutu na sehemu ya juu inayoushika. Vyuma vidogo hupewa tarakimu mbili za mwisho. Kwa hiyo hizo 43 zimetoka kwenye bastola nyingine. Angalia pia kama vina vitaji vidogo juu ya herufi karibu kila kimoja. Ukiviona hivyo, huenda ni vya Erfurt, kiwanda cha serikali. Wakaguzi wao walipiga mihuri hata kwenye vipande vidogo kabisa.

Mama Shamim (Arua):
Bei sasa! Baba mdogo keshaanza kuhesabu mamilioni huko 😂

Fundi Saa:
Mama Shamim, subiri. Kwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, Luger ya namba zote sawa ndiyo inayogombaniwa. Iliyochanganywa thamani yake huweza kuporomoka hata nusu, na aliyeisugua kwa msasa au kuipaka rangi mpya ameiharibu zaidi. Msiiguse na mafuta ya kupikia, tafadhali, nimeshaona.

Ila kilichonikamata ni hiyo 1920. Muhuri huo ulipigwa Ujerumani baada ya vita, kuonyesha kwamba silaha ni mali ya serikali, kwa sababu mwaka huo raia walikuwa wanaamriwa kusalimisha silaha za kijeshi. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Chuma chenye muhuri wa 1920 hakikuwa kiunoni mwa afisa wake. Mafundi wa maghala enzi hizo waliunganisha bastola kutoka vipande vya nyingine, ndiyo maana ya namba zenu. Mzee aliipata, lakini kwa njia nyingine na baadaye.

Wakili Mstaafu (Mbale):
Mwanangu, hapa Uganda uzee wa bastola hauipi ruhusa. Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 inataka cheti cha polisi, na cheti cha marehemu, hata kama alikuwa nacho, hakirithiwi kama shamba. Huyo mnunuzi wa kimyakimya atamwingiza baba yako mdogo jela, na wewe uliyejua pia. Usiibebe kwenye boda kuipeleka kituoni! Mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, polisi waje waichukue hapo hapo nyumbani, nanyi mbaki na karatasi ya makabidhiano yenye namba zote, 71 na 43. Mkitaka iwekwe makumbusho pale Kitante, ombeni kwa maandishi baada ya hapo.

Mjukuu wa Keya:
Nashukuru, wazee wangu. GELADEN haionekani. Vitaji vipo, kwenye vile vya 43. Mwenyekiti nimempigia, anakuja kesho na askari. Baba mdogo amenuna, anasema Fundi Saa ni Mjerumani.

Fundi Saa:
Mwambie ni Msoga wa Bugembe. Piga picha ya namba za chini ya mtutu kabla hawajaichukua, bila kuigeuza.