Wakuu, mtu akishanichukua mgongo nachomokaje? Napigwa roba kila siku

MkekaMpya:
Habari zenu wakuu. Nina miezi minane kwenye jiujitsu ya Kibrazili, mkanda mweupe, ni mwanamke, kilo 58. Tunafanya bila kimono (lile vazi la mazoezi). Mtu akiwa mbele yangu najitetea vizuri tu, ila akishapita nyuma shughuli imeisha. Juzi kaka mmoja wa kilo 80 hivi alinivaa mgongoni nikiwa nimejikunja kama kobe. Akanifunga kama mkanda wa gari: mkono wake wa kulia juu ya bega langu la kulia, wa kushoto chini ya kwapa la kushoto, visigino vyote viwili ndani ya mapaja yangu. Mimi nikahangaika na miguu, nikawa navuta kisigino kimoja kwa mikono yote miwili. Nikasikia mkono wenye jasho unateleza chini ya kidevu, masikio yakaanza kuvuma, nikagonga (ishara ya kusalimu amri) nimeshachelewa. Nilikaa ukutani nalia, si kwa maumivu, ni kuchoka kurudia kosa lile lile. Nianze na miguu au shingo?

KobeMvumilivu:
Pole sana dada. Shingo kwanza, siku zote. Roba ile ikikaa sawasawa haikunyimi pumzi, inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzirai ndani ya sekunde kumi au pungufu. Miguu yake haiwezi kukuzimisha, kwa hiyo iache kwanza.

Mkono wa hatari ni huo uliopita juu ya bega. Ushike kwa mikono yako miwili, mmoja kwenye kifundo cha mkono wake karibu na kiganja, mwingine juu kidogo, uvute chini hadi kifuani kama unavuta kamba ya ndoo kisimani, viwiko vyako vimebana mbavu. Kuinamisha kidevu peke yake hakutoshi, atakukandamiza taya mpaka uinue mwenyewe. Na ukichelewa, gonga. Kugonga mapema ni sehemu ya mazoezi.

ZambarauTu:
Naendelea alipoishia mkuu hapo juu. Mkono ukiwa mikononi mwako, angukia upande wa ule mkono wake mwingine uliopita chini ya kwapa. Kwako ni kushoto. Ukiangukia kulia unampelekea shingo mwenyewe.

Ukishaanguka, teleza kuelekea miguuni kwake, huku kichwa chako kimebana chake ili asipate nafasi ya kuingiza mkono upya. Lengo ni mabega yako yote mawili yaguse mkeka. Mgongo wako ukishalala kwenye mkeka badala ya kifua chake, hana tena mgongo wako. Hapo ndipo unaivukisha nyonga juu ya mguu wake wa chini. Wengi wanafanya kinyume: wanatoa mguu kwanza, mabega yakiwa bado hewani, jamaa anaurudisha kisigino kwa raha zake.

MtuWaJudo:
Mimi nimetoka kwenye judo. Kwa nini asubiri yote hayo? Simama, inama, mpitishe juu ya bega aanguke mbele.

ZambarauTu:
Mkuu, hiyo inafaa akiwa bado hajaingiza visigino, au ana kimoja tu. Vikishaingia vyote, dada wa kilo 58 anabeba kilo 80 kiunoni huku shingo iko wazi. Mimi simshauri.

MtuWaJudo:
Sawa, hapo nakubali. Basi dada, pambana mapema, kisigino cha kwanza kikigusa tu paja.

BintiWaMkeka:
Dada mwenzangu, wapo pia wasioweka visigino, wanakufunga pembetatu ya miguu tumboni. Kwenye mashindano ya IBJJF (shirikisho la kimataifa la jiujitsu hii) kuchukua mgongo ni pointi 4, visigino vyote viwili vikiwa ndani kwa sekunde 3, na kwa miaka mingi pembetatu hiyo haikupewa pointi. Usiidharau lakini, inabana mbavu mpaka pumzi inakuwa fupi. Shingo bado ni ya kwanza. Mabega yakishagusa mkeka, tumia mguu wako kuusukuma ule unyayo wake alioufungia nyuma ya goti la mguu wake wa pili.

Na mtu akipishanisha vifundo vya miguu mbele yako, hilo ni kosa lake. Pitisha mguu wako juu ya vifundo vyake, ufunge kwa mguu wa pili, sukuma nyonga mbele taratibu. Atagonga yeye.

Muombe mwenzako muanzie hapo hapo, yeye tayari yuko mgongoni, dakika tatu tatu. Usisubiri ikutokee kwenye pambano.

MkekaMpya:
Wiki mbili baadaye wapendwa. Tumefanya hivyo kila siku ya mazoezi. Jana niliushika mkono, nikaangukia kushoto, na nilipohisi bega la pili limegusa mkeka nilipiga kelele! Asanteni sana, kwa kweli. Tatizo lililobaki: nikishalala tu, anainuka na kunikalia kifuani.

KobeMvumilivu:
Hongera sana! Hiyo ni kawaida, hiyo ni moja ya njia alizobakiwa nazo. Mabega yakigusa, mkono mmoja uache shingo uende kwenye goti la mguu wake wa juu, ulizuie lisivuke tumbo. Sogeza nyonga mbali naye, mgeukie, unase mguu wake mmoja katikati ya miguu yako. Ukimnasa hapo uko kwenye nusu gadi, na yuko mbele yako, ambako umesema unajitetea vizuri.