Je, ni kweli kwamba mkulima wa Marekani hulipwa ili asilime?

Mkulima wa Lushoto
Ndugu wanajukwaa, nimesikia mara kadhaa kwamba serikali ya Marekani huwalipa wakulima ili waache kulima sehemu ya mashamba yao. Naomba anayeufahamu utaratibu huo anieleze malipo hupangwaje, mkulima hubaki na wajibu gani juu ya ardhi hiyo, na kama jambo la namna hiyo linaweza kumfaa mtu mwenye ekari mbili za mteremko ambazo ndizo zinazomlisha.

Mhifadhi
Ulichosikia ni kweli. Mpango mkubwa kuliko yote ulianzishwa na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, wakati nafaka zilikuwa zimezidi mahitaji, bei zimeanguka, na udongo unachukuliwa na maji na upepo. Mkulima huingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, hulipwa kodi ya kila mwaka kwa kila ekari kulingana na ubora wa udongo na bei ya kukodi mashamba katika kaunti yake, na husaidiwa sehemu ya gharama za kupanda nyasi au miti. Maombi ya mashamba makubwa hushindanishwa kwa alama, ilhali vipande nyeti vya kando ya mito hupokelewa bila ushindani.

Asidhani mtu kwamba shamba hutelekezwa. Mwenye mkataba hupaswa kudhibiti magugu, na huenda akatakiwa kuchoma nyasi kwa utaratibu maalumu katikati ya mkataba ili zisisongamane, lakini haruhusiwi kuzifyeka katika msimu ambao ndege huatamia. Anayevunja mkataba hurejesha malipo yote aliyokwisha kupokea, pamoja na riba na fidia.

Mdau wa Ardhi
Maelezo hayo ni sahihi, ila yanaacha udhaifu mkubwa wa mpango wenyewe: mkataba ukiisha, jembe hurudi. Mwaka 2007 ardhi iliyohifadhiwa ilifikia takriban ekari milioni 36.8. Kisha bei ya mahindi ikapanda, kwa sehemu kutokana na mahitaji ya ethanoli, yaani mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi, na wakulima wengi, hasa wa jimbo la North Dakota, wakalima upya nyasi ambazo serikali ilikuwa imezilipia kwa miaka mingi. Bunge nalo, katika sheria ya mwaka 2014, lilishusha kikomo cha ardhi inayoweza kuingizwa katika mpango hadi ekari milioni 24, kabla ya sheria ya mwaka 2018 kukipandisha hadi milioni 27. Kwa maoni yangu, penye ardhi oevu au mmomonyoko mkali ni heri serikali inunue kabisa haki ya kulima, ili ardhi isilimwe tena, kama inavyofanya kwa baadhi ya maeneo, kuliko kukodi upya kila mara.

Bwana Miche
Swali la ekari mbili bado halijajibiwa, wala mfano wa Marekani hauwezi kulijibu, kwa kuwa huko anayepumzisha ekari 50 aghalabu hubakiwa na mamia ya kulima. Afadhali tuitazame China. Baada ya mafuriko ya mto Yangtze ya mwaka 1998, serikali ilianza mwaka uliofuata, katika mikoa ya Sichuan, Shaanxi na Gansu, kurudisha misitu na nyasi kwenye miteremko iliyokuwa ikilimwa, hasa ile ya zaidi ya nyuzi 25. Hapo mwanzo wakulima walipewa nafaka, pamoja na fedha kidogo na ruzuku ya miche: miaka 2 kwa aliyepanda nyasi, 5 kwa miti ya matunda, na 8 kwa miti ya hifadhi. Serikali ilifanya vyema kulipa chakula, maana mwenye shamba dogo kwanza huuliza atakula nini. Kasoro ni kwamba mara nyingi uamuzi ulitoka juu, na miti mingine ikapandwa mahali pakavu mno.

Karibu na kwetu, katika bonde la Naivasha nchini Kenya, watumiaji wa maji wa chini waliwapa wakulima wadogo wa juu vocha za pembejeo ili wapande mikanda ya nyasi na miti ya matunda kwenye miteremko. Hakuna aliyeacha shamba lake zima, na nyasi hizo zilikatwa zikalishwa ng'ombe. Ndugu wa Lushoto, mimi ningeanzia hapo. Lakini tueleze kwanza, maji yanayotoka kwenye mteremko wako yanatumiwa na nani huko chini, na je, ana uwezo wa kulipa?